Sanduku la Maswali: Mjusi wa Darini, Panya Mwenye Medali na Mbuzi Asiye na Meno ya Mbele ya Juu

Barua za safari hii zimetoka Tanga, Morogoro, Lamu, Dodoma na kwingineko. Nyingi zinauliza kitu kimoja: haya mambo ya wanyama yanayotuchekesha, ni kweli au tunadanganywa? Tumechagua yale mnayoweza kuyahakikisha wenyewe, nyumbani, zizini au sokoni.

Shikamoo. Sebuleni kwetu kuna mjusi kafiri anayetembea darini kichwa chini kila usiku. Kaka yangu anasema ana gundi miguuni. Mbona basi haachi alama?
*Msomaji wa darasa la tano, Tanga*

Marahaba. Hapo umemshika kaka yako. Mjusi hana gundi, na vidole vyake havinyonyi ukuta. Chini ya kila kidole kuna mikunjo midogo, na juu ya mikunjo hiyo kuna vinyweleo vyembamba mno ambavyo macho hayawezi kuviona. Ncha ya kila kinyweleo imegawanyika tena kuwa vincha vingi zaidi. Vincha hivyo vikiusogelea ukuta kabisa, vinavutana nao. Mvuto wa kincha kimoja ni mdogo sana, lakini vyote vikivuta kwa pamoja mjusi anatulia darini bila wasiwasi.

Je, anajibanduaje? Anakunja kidole kuanzia nchani kuelekea juu, na kidole kinaachia papo hapo. Halafu anakibandika tena. Haya yote yanafanyika haraka, hata akiwa mbioni.

Jionee mwenyewe. Usiku, mjusi akiwa nje ya kioo cha dirisha chenye mwanga, simama ndani na umtazame kwa upande wa tumbo. Mulika tochi kwa pembeni, usimmulike usoni, maana atakimbia. Utaiona mikunjo ya vidole imejipanga kwa mistari. Ukibahatika kumpata jike mwenye mayai, utayaona pia: kwa kawaida ni mawili, meupe, yanaonekana kupitia ngozi ya tumbo. Kaa hapo kidogo na huenda ukamwona akitoa ulimi na kujilamba jicho. Hana kope za kufumba na kufumbua, kwa hiyo ulimi ndio kitambaa chake cha kufutia vumbi.

Mbona basi wakati mwingine anaanguka puu kwenye kochi? Mara nyingi ukuta una maji au vumbi jingi, au wawili walikuwa wanagombana. Ukimweka kwenye kikaango kisichogandisha chakula, atateleza vilevile, kwa sababu kikaango hicho kimepakwa kitu ambacho vinyweleo vyake havipati cha kuvutana nacho. Lakini usimkamate ili kujaribu. Ukimbana atakuachia mkia, nao utacheza-cheza peke yake kwa dakika kadhaa ili wewe uutazame huku mwenyewe anatoroka. Mkia mwingine utaota, ila ndani yake kuna gegedu badala ya mfupa.

Na kile kinyesi chake chenye ncha nyeupe? Sehemu nyeusi ndiyo kinyesi. Ile nyeupe ndiyo mkojo wake, umekauka. Kwa kutoa mkojo mkavu anaokoa maji mwilini.

Shikamoo. Mwalimu wetu alisema kuna panya aliyepewa medali ya dhahabu, darasa zima likacheka. Alikuwa anatutania?
*Msomaji wa darasa la sita, Morogoro*

Marahaba. Hakuwatania, na zaidi ya hapo, panya huyo alizaliwa hapahapa Tanzania. Aliitwa Magawa. Alifunzwa na shirika la APOPO, ambalo kituo chake cha mafunzo kiko katika mji wenu, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Baadaye akapelekwa Kambodia, nchi ambayo mabomu ya kutegwa ardhini yalibaki baada ya vita. Mwaka 2020 shirika la Uingereza liitwalo PDSA lilimpa medali yake ya dhahabu ya ushujaa, na hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Alistaafu mwaka 2021 akiwa amegundua mabomu 71 ya kutegwa na silaha nyingine 38 ambazo hazikuwa zimelipuka. Alikufa Januari 2022, akiwa na umri wa miaka minane.

Sasa namna kazi inavyofanyika. Huyu ni panya buku, na uzito wake ni kilo moja na kidogo. Uzito huo ni mdogo mno kulipua bomu la kutegwa. Macho yake hayaoni vizuri, lakini pua yake inanusa baruti iliyofukiwa. Anavalishwa mkanda kifuani, na mkanda unaunganishwa na kamba iliyonyooshwa kati ya watu wawili waliosimama sehemu salama. Panya anafuata kamba kutoka upande mmoja hadi mwingine akinusa ardhi. Akipata harufu anasimama na kukwaruza kwa miguu ya mbele. Watu wanaweka alama, kisha wataalamu wa mabomu wanakuja kumalizia. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi analimaliza kwa dakika 30 hivi. Mtu mwenye mashine ya kutambua vyuma anaweza kutumia hadi siku nne hapo, kwa sababu mashine inalia kila ikikuta msumari au kifuniko cha soda. Panya havitaki vyuma, anataka baruti tu.

Mafunzo yanaanza angali mdogo, kwa kumzoesha watu na kelele. Hatua inayofuata ni sauti ya “tik” kutoka kwenye kidude kidogo: kila ikilia, anapewa chakula. Akishaelewa kwamba “tik” maana yake ni chakula, anafundishwa harufu ya baruti. Akiikwaruza harufu sahihi, anasikia tik na kulipwa ndizi au karanga. Akikwaruza pasipo na kitu, halipwi. Mambo huharibika pale mkufunzi anapobonyeza kidude kwa kuchelewa: panya anadhani analipwa kwa kile alichokifanya mwisho, labda kujikuna sikio, na kesho yake atajikuna sikio tangu asubuhi mpaka ndizi ije.

Waambie wenzako na hili: kazi inaanza alfajiri kabla jua halijawa kali, na panya hawa hupakwa mafuta ya kuzuia jua kwenye masikio na mkia. Wenzao wengine hawaendi kwenye mabomu kabisa. Wananusa makohozi ya wagonjwa ili kutafuta kifua kikuu, na sampuli 100 wanazimaliza kwa dakika 20 hivi.

Kweli mbuni hufukia kichwa mchangani akiogopa?
*Msomaji wa gredi ya nne, Kajiado*

Hapana. Angefukia kichwa asingeweza kupumua. Kiota cha mbuni ni shimo la kina kifupi ardhini, na mara kwa mara yeye huinamisha kichwa humo kuyageuza mayai kwa mdomo. Ukimtazama kwa mbali, kichwa hukioni. Isitoshe, akitaka kujificha hulala na kunyoosha shingo chini, ukabaki kuona mwili tu. Yai lake moja lina uzito wa kilo 1.4 hivi, sawa na mayai ya kuku kama 24, kwa hiyo anayetaka kulichemsha likaiva kabisa awe na kuni za zaidi ya saa moja.

Hamjambo? Baba ni mvuvi wa pweza. Anasema pweza ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Rafiki zangu wanabisha.
*Msomaji wa gredi ya sita, Lamu*

Hatujambo. Baba yako yuko sahihi kwa yote mawili. Mioyo miwili inasukuma damu kwenye matamvua, mmoja kwa kila upande, na wa tatu unaisambaza mwilini. Damu ni ya buluu kwa sababu inabeba hewa kwa kutumia shaba. Yetu inatumia chuma, ndiyo maana ni nyekundu. Ila kuna shida: pweza akiogelea, ule moyo wa tatu husimama. Ndiyo sababu anachoka haraka na anapenda zaidi kutambaa juu ya mwamba.

Baba akirudi na pweza, mwombe amgeuze na kukuonyesha katikati, pale mikono minane inapokutana. Kuna mdomo mgumu, mweusi, umepinda kama wa kasuku. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kubwa kuliko zote mwilini mwake, kwani hana mfupa hata mmoja. Tundu ambalo mdomo huo unapita, pweza mzima anapita. Wavuvi wanaowaweka ndooni bila kufunika wanalijua hili vizuri.

Shikamoo. Mbona mboni ya mbuzi imelala kama kitundu cha kuwekea sarafu? Anaonaje?
*Msomaji wa darasa la nne, Dodoma*

Marahaba. Anaona vizuri sana, hasa pembeni. Mboni iliyolala inamsaidia kuona karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa kipande kidogo nyuma ya kichwa. Kwa mnyama anayeliwa na chui na fisi, hilo ni jambo la maana kuliko kuona kitu kimoja kwa ubora.

Ajabu kubwa unaipata akiinama kula. Mtazame kwa ubavuni, hatua mbili tatu kutoka kwake. Kichwa kinaelekea chini, lakini mboni inabaki imelala sambamba na ardhi, kwa sababu jicho zima linazunguka ndani ya tundu lake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba jicho linaweza kuzunguka nyuzi 50 au zaidi, na la kulia linazunguka kwa upande wake, la kushoto kwa upande wake. Wengi wamefuga mbuzi maisha yao yote na hawajawahi kuliona.

Ukiwa hapohapo, mwombe mwenye mbuzi amfunue mdomo wa mbele. Hesabu: chini meno manane, juu hakuna hata moja, ni ufizi mgumu tu. Majani anayabana kati ya meno na ufizi, kisha anayakata kwa kurusha kichwa. Wafanyabiashara minadani hupima umri hapo. Jozi ya kwanza ya meno makubwa hutoka akiwa na mwaka mmoja na kidogo, na akifikia miaka minne hivi anakuwa na jozi zote nne. Usiingize vidole ndani kabisa. Magego yapo juu na chini, na ni makali.

Nimesikia pimbi ni ndugu wa tembo. Hiyo si hadithi tu?
*Msomaji wa darasa la saba, Mwanza*

Ni kweli. Ndugu wa karibu wa pimbi walio hai leo ni tembo na nguva. Meno yake mawili ya juu ya mbele hukua maisha yake yote, na pembe za tembo nazo ni meno ya mbele yanayokua hivyo hivyo. Sungura, ambaye wengi wanamfananisha na pimbi kwa umbo, hubeba mimba siku 31 hivi. Pimbi hubeba miezi saba na zaidi. Nyayo zake huwa na unyevunyevu wa jasho, ndizo zinazomshikilia kwenye majabali yenye mteremko mkali. Huko kwenu majabali ni mengi, nenda asubuhi jua linapochomoza, utawakuta wamelala juu ya mawe wakiota jua kabla ya kula.

Shikamoo. Klabu yetu ya wanyama imepewa dakika tano mstarini kila Ijumaa. Tunataka kutega vitendawili vya wanyama vya kuchekesha. Tufanyeje?
*Wasomaji wa darasa la sita, Iringa*

Marahaba. Dakika tano zinatosha vitendawili vitatu, msizidishe. Anzeni na rahisi ili shule nzima iingie mchezoni, kisha kigumu, na cha kuchekesha kabisa kiwe cha mwisho.

Kutunga ni hivi. Chukueni jambo moja la kweli kuhusu mnyama. Ficheni jina lake, na msitaje kiungo kinachomtambulisha moja kwa moja: ukisema “mkonga” umeshajibu. Mfanyeni aongee au aishi kama mtu. Kitendawili kitoke kwa pumzi moja. Mifano:

“Nafanya kazi alfajiri, mshahara wangu ndizi.” Ni panya wa Morogoro.

“Nina meno manane ya mbele chini, juu yake sina hata moja, na sijawahi kumwona daktari.” Mbuzi.

“Ndugu yangu haingii mlangoni, mimi naingia ndooni.” Pimbi.

Makosa yanayoharibu shughuli ni mawili. La kwanza ni kitendawili chenye majibu mengi. “Anaruka lakini si ndege” anaweza kuwa popo, panzi au kipepeo, na mstari wote utaanza kubishana. Ongezeni jambo la pili: “Anaruka kama ndege, ananyonyesha kama mbuzi.” Hapo amebaki popo peke yake. Kosa la pili ni kutumia mnyama kumcheka mwanafunzi kwa mwili wake, sura au sauti. Kichekesho cha namna hiyo kikatalieni tangu kwenye mazoezi.

Anayetega aseme “Kitendawili!” kwa sauti, angoje “Tega!”, na akishatega ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Wengi hutoa jibu haraka mno na kuua raha ya kubahatisha. Wakishindwa, ombeni mji, maana mji ndiyo nusu ya kicheko. Mkishapewa, jibuni, na sentensi moja tu ieleze sababu: “Ni mbuzi, kwa sababu mbele juu ana ufizi mgumu badala ya meno.” Mtu akibisha, andikeni swali lake daftarini, mkaulize kwa afisa mifugo au maktaba, na Ijumaa inayofuata mlijibu kabla ya kutega kipya.