Sifa za J.S. Ondara: ni kwa uimbaji au kwa hadithi yake?

SWALI: Nimesoma sifa nyingi ambazo wahakiki wa Marekani wamemmiminia J.S. Ondara, mwimbaji Mkenya anayeishi Marekani. Niliposikiliza albamu yake ya kwanza, "Tales of America" ya mwaka 2019, nilikuta gita na sauti kwa sehemu kubwa. Je, anasifiwa kwa ufundi wake, au kwa sababu safari yake inapendeza kuisimulia? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, shaka yako ina msingi, kwa kuwa safari yenyewe inavutia mno. Akiwa kijana jijini Nairobi, Ondara alibishana na mwenzake akishikilia kwamba "Knockin' on Heaven's Door" ni wimbo wa bendi ya Guns N' Roses, akashindwa, na kwa kushindwa huko akamjua mtunzi wake halisi, mwimbaji Mmarekani Bob Dylan. Mwaka 2013, baada ya kupata bahati nasibu ya viza, alihamia Minneapolis, Marekani, katika jimbo alikozaliwa Dylan, na huko ndiko alikojifundisha kupiga gita. Kila aliyeandika juu yake ameanzia hapo, na wengine, kwa bahati mbaya, wameishia hapo hapo.

Mimi ningekuomba uanzie kwenye "Turkish Bandana", ambao anauimba bila ala yoyote, kama malenga anayeghani. Mwimbaji asiye na gita wala ngoma ya kumfichia makosa hubaki na pumzi yake tu, na Ondara anajua mahali pa kuikata na mahali pa kuiachia, hata kimya kilichopo kati ya mstari na mstari kinakuwa sehemu ya wimbo. Kisha sikiliza "Saying Goodbye", uone anavyoipandisha sauti hadi ikawa nyembamba kabisa bila kupoteza hata neno moja. Uchache wa vyombo uliokutia shaka ndio unaotuwezesha kuusikia ufundi huo.

Kuteuliwa kwake kuwania tuzo ya Grammy ya albamu bora ya Americana (muziki wa Kimarekani wenye mizizi ya folk na country), mwaka 2020, hakunishawishi kama nyimbo hizo mbili zilivyonishawishi. Ninachowalaumu baadhi ya wahakiki ni kumsifu kama shahidi wa maisha ya wahamiaji, huku wakizipita haraka nyimbo zake za mapenzi na upweke, ambazo kwa masikio yangu ndizo alizozitunga kwa uangalifu mkubwa zaidi.