Jifunze usanifu kwa kulitengeneza tangazo moja mara mbili

Vijana wanaoniuliza waanzie wapi katika usanifu wa machapisho na kurasa za wavuti huwa tayari wamekwisha kuweka programu katika kompyuta zao na kutazama video nyingi za mafunzo. Wanajua kuweka kivuli nyuma ya herufi na kuondoa mandhari ya nyuma ya picha, lakini ukiwapa maneno hamsini ya tangazo la kawaida wanababaika, kwa sababu hakuna video iliyowaambia neno lipi liwe kubwa na lipi liwe dogo. Ushauri wangu ni kwamba mtu achukue tangazo la kweli, lenye maneno ya Kiswahili, alitengeneze kwa ajili ya karatasi, kisha alitengeneze upya kwa ajili ya simu. Yatakayobaki vilevile katika kazi zote mbili ndiyo kanuni zenyewe. Yatakayobadilika ni matakwa ya karatasi au ya skrini tu.

Tuchukue tangazo la mkutano wa wazazi wa shule ya msingi. Lina jina la shule, nembo, kichwa, tarehe, saa, mahali, ajenda nne na namba ya simu. Kabla ya kuwasha kompyuta, yaandike mambo hayo kwa kalamu kwa mfuatano ambao mzazi atayahitaji. Matangazo yetu mengi hufuata itifaki badala ya mahitaji: jina la taasisi kwa herufi kubwa kuliko zote, kisha sanduku la posta, kisha kumbukumbu namba, na siku yenyewe ya mkutano imejificha katikati ya aya. Mzazi aliyesimama kwenye geti la shule anajua yuko shule gani. Anachotafuta ni lini na saa ngapi. Basi tarehe na saa ndizo zipewe ukubwa, na jina la shule linaweza kukaa chini, dogo, bila kuvunjiwa heshima. (Na saa iandikwe kama watu wanavyoitaja: saa 3 asubuhi, hata kama kalenda ya simu inasema vingine.)

Baada ya mfuatano huja ujirani. Mwaka 1923 mwanasaikolojia Max Wertheimer alieleza huko Ujerumani jinsi jicho linavyovikusanya vitu vilivyokaribiana na kuviona kuwa kundi moja. Kwa msanifu maana yake ni rahisi: tarehe, saa na mahali vikae pamoja, ajenda zikae pamoja, na kati ya makundi hayo pawe na nafasi tupu iliyo kubwa kuliko ile iliyo ndani ya kundi. Wanafunzi wengi huiogopa nafasi tupu, hivyo huijaza maua, fremu na mistari, ilhali nafasi peke yake ingeyatenganisha makundi vizuri zaidi.

Anayetaka kuona mpangilio uliokomaa aitazame kanga iliyotundikwa dukani. Pindo huzunguka pande zote nne, mji hukaa katikati, na jina, yaani usemi wa kanga, huandikwa kwa mstari mmoja sehemu ya chini ya mji, juu kidogo ya pindo. Kila sehemu ina mipaka yake, na hata mji ukiwa na nakshi nyingi kiasi gani, jina hutengewa mahali pa kusomeka. Aghalabu herufi zake ni kubwa zote, na hazisumbui kwa kuwa maneno ni machache. Ila anayeiga hilo akaandika ajenda zote nne kwa herufi kubwa atamchosha msomaji, kwa sababu jicho limezoea kusoma maandishi marefu kwa herufi ndogo.

Ninasisitiza maneno ya Kiswahili kwa sababu ya kiufundi. Violezo, yaani mipangilio iliyo tayari kujazwa, vinavyopatikana kwenye intaneti vimejazwa Kilatini cha uongo cha kushikilia nafasi tu, au Kiingereza, ambamo maneno mengi ni mafupi. Weka humo neno kama "wanaowakilishwa" uone safu nyembamba inavyoshindwa kulibeba. Ukinyoosha pambizo zote mbili, mapengo makubwa hutokea kati ya maneno, na aya huonekana imetoboka. Afadhali uinyooshe kushoto tu, kulia uiache ijiishie. Tena iambie programu kwamba maandishi ni ya Kiswahili. Ikidhani ni Kiingereza, itakata maneno kwa kanuni za Kiingereza, na utaona "wanaf-unzi" mwishoni mwa mstari, wakati silabi zetu zinataka "wanafu-nzi". Kama haina kanuni za Kiswahili, zima ukataji wa maneno kabisa. Mstari wenye herufi kati ya 45 na 75 husomeka bila taabu kwenye karatasi. Kwenye simu utapata pungufu ya hapo, na huna la kufanya.

Sasa hamia kwenye simu. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, nayo skrini ya simu ina upana wa kama milimita 70. Bango la A4 likirushwa WhatsApp kama picha linasinyaa hadi theluthi, hivyo herufi za pointi 12 zinaonekana kama za pointi 4, na ndiyo maana watu huuliza kwenye kundi habari ambazo zimeandikwa kwenye bango lenyewe. Toleo la simu lazima lipangwe upya: safu moja, mfuatano uleule, ajenda zifupishwe, na namba ya simu iwe maandishi yanayobonyezeka. Mwaka 2010 msanifu Mmarekani Ethan Marcotte alieleza namna ya kutengeneza kurasa zinazojipanga zenyewe kulingana na upana wa skrini, na leo hiyo ndiyo kawaida ya wavuti. Karatasi haina msamaha huo, lakini ina faida yake: A4 ikikunjwa katikati hutoa A5 yenye uwiano uleule, kwa hiyo bango lako linaweza kuwa kipeperushi bila kubadili mpangilio, mradi herufi ndogo zisizidi udogo.

Kuhusu rangi nitasema machache. Miongozo ya ufikivu ya wavuti, yaani ya kuzifanya kurasa zitumike na watu wote hata wasioona vizuri, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Njano kali juu ya nyeupe hupata takriban 1.07, yaani haisomeki. Nyekundu kali, kipenzi cha mabango yetu, hupata karibu 4, hivyo inafaa kwa kichwa kikubwa lakini si kwa aya. Skrini hutoa mwanga na wino huufyonza, kwa hiyo kijani kinachong'aa kwenye kompyuta kitafifia kwenye karatasi. Chapisha nakala moja ya majaribio kwa ukubwa halisi, ibandike ukutani, umwulize mtu asiyehusika mkutano ni lini. Toleo la simu lifungue nje, juani, kwenye simu ya bei nafuu.

Kabla ya kupeleka kazi kiwandani, ongeza milimita 3 za rangi nje ya mpaka wa kila upande, ili kisu cha kukatia karatasi kisiache ukingo mweupe, na hakikisha picha zina nukta 300 kwa inchi. Picha ya kujaza A5 inahitaji pikseli zipatazo 1748 kwa 2480, kwa hiyo nembo uliyotumiwa WhatsApp huenda isitoshe, omba faili lake la awali. Hifadhi kazi kama PDF yenye fonti ndani yake, la sivyo kompyuta ya mchapaji itakubadilishia herufi, na tarehe uliyoipima ikae mstari mmoja itaangukia wa pili.