Weusi wa Mtungi wa Santa Clara Unatoka Wapi?

SWALI: Katika makumbusho niliona mtungi mweusi unaong'aa kama kioo, umezungukwa na nyoka mwenye pembe aliyechongwa kwa kina. Kibao kilisema tu kwamba ni kazi ya familia ya Tafoya, ya jamii ya Wapueblo. Je, ule weusi ni rangi ya kupaka? Na nakshi ile huchongwaje bila kuuvunja mtungi? – Msomaji wenu

JIBU: Hapana rangi hapo, ndugu msomaji; ule ni moshi. Familia hiyo inatoka Santa Clara, kijiji cha Wapueblo, wenyeji asilia wa Marekani, kilicho kaskazini mwa mji wa Santa Fe, jimbo la New Mexico nchini Marekani. Nakshi zao za kuchongwa zilipata umaarufu kwa mikono ya Sara Fina Tafoya na bintiye Margaret (1904–2001), ambaye mitungi yake mikubwa, kwa maoni yangu, haijapata mshindani.

Mtungi hauvunjiki kwa sababu huchongwa kabla ya kuchomwa. Mfinyanzi huchanganya udongo na majivu ya volkano, kisha huupandisha mtungi kwa misokoto ya udongo, bila gurudumu, akiacha kuta nene za kutosha kuhimili kuchongwa. Husubiri hadi udongo ushikamane kama ngozi ngumu, ndipo anapochora umbo na kuchimba pembeni mwake. Akiwahi, kisu huburura udongo. Akichelewa, ukingo wa nakshi humeguka.

Kazi inayonistaajabisha zaidi ni kung'arisha. Mtungi ukishakauka na kusuguliwa, sehemu zilizoinuka hupakwa uji wa udongo mwekundu na kusuguliwa kwa jiwe laini, tena na tena, kabla uji haujakauka, kwa hiyo aliyeanza hana nafasi ya kupumzika. Mawe hayo hurithishwa kutoka kwa mama hadi kwa binti. Mashimo ya nakshi hayasuguliwi, na ndiyo maana nyoka uliyemwona aling'aa juu ya mandhari iliyofifia. Nyoka huyo huitwa Avanyu, naye huhusishwa na maji. Alama nyingine ya familia hii ni unyayo wa dubu, kwa kuwa husimuliwa kwamba wakati wa ukame dubu ndiye aliyewaonyesha watu maji.

Hadi hapo mtungi bado ni mwekundu. Huchomwa nje, juu ya ardhi, kwa moto wa kuni, na ukiachwa hivyo hutoka mwekundu vilevile. Anayetaka mweusi huufunika moto ule kwa samadi kavu ya farasi iliyosagika. Hewa hukatika, moshi hujaa, na kaboni huingia ndani ya udongo. Uchomaji wote ni wa hatari, kwani unyevu mdogo uliobaki ukutani hugeuka mvuke na kuupasua mtungi, na kazi ya majuma mengi hupotea kwa mlio mmoja.

Usiichanganye nakshi hii na michoro myembamba iliyokwaruzwa juu ya chombo kilichokwisha kung'arishwa, ambayo Joseph Lonewolf, mpwa wa Margaret, alijulikana nayo kuanzia miaka ya 1970. Iwapo siku moja utamiliki mtungi wa namna hii, usitie maji ndani yake, hata kwa ajili ya maua: moto wake si mkali kiasi cha kuziba vinyweleo vya udongo, na unyevu ukipenya kutoka ndani huharibu ule mng'aro, nao haurudishiki.