Mshale unasema mita sifuri, kopo halionekani: nifanyeje nikifika Mombasa?

SWALI: Tunakuja Mombasa likizo ya Agosti, mimi, mke wangu na watoto wawili, na tutakaa Nyali. Mchezo wa jiokashi, wa kutafuta makopo yaliyofichwa kwa kufuata kodineti (namba za mahali) kwenye simu, nimeuanza huku Nakuru, lakini mara kadhaa mshale wa simu umeniambia nimefika, mita sifuri, nikatafuta hadi nikachoka. Sasa kuna mtu kwenye kikundi cha WhatsApp anauza faili la kodineti za "hazina bora za Pwani" kwa shilingi 500, pamoja na programu ya kuongeza nguvu ya GPS. Ninunue? Na nikifika huko nitajuaje zipi nzuri? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ndugu yangu, usinunue hata kimoja.

Programu kwanza, maana hiyo haina mjadala mrefu. Nguvu ya kunasa mawimbi ya satelaiti imo kwenye antena na chipu ya simu yako, na hakuna programu inayoongeza antena. Nyingi ya hizo zinazouzwa hufuta taarifa za zamani za satelaiti na kuzipakua upya, kazi ambayo simu huifanya yenyewe bila malipo. Na kwa kuwa swali hili hufuata kila mara: GPS haili bando. Simu inapokea tu kutoka angani. Bando ni la ramani, na ramani utaipakua nyumbani kabla hamjafunga mizigo.

Kinachonikera zaidi ni hiyo sifuri. Mimi ni mpima ardhi, namba hizi ndizo riziki yangu, na kila msimu wa wageni nasikia kilio kile kile: mshale umesema hapa, mbona hamna kitu? Sifuri ya simu haisemi kwamba kopo liko chini ya kiatu chako. Inasema simu yako inakadiria kwamba iko pale ambapo simu ya aliyeficha ilikadiria kuwa iko. Hayo ni makadirio mawili, na kila moja lina kosa lake. Simu ya kawaida mahali pa wazi hukosea kiasi cha mita 5. Aliyeficha naye alikosea kiasi hicho hicho, pengine kwa upande wa pili. Kwa hiyo ulicho nacho ni duara la mita 10 hivi la kutafuta. Hata kodineti zenyewe huandikwa hadi sehemu moja ya elfu ya dakika, na kipande hicho ardhini ni karibu mita 1.85. Namba ikiwa sahihi kabisa bado haiwezi kukuchagulia tundu moja la ukuta.

Mji wa Kale hali ni ngumu zaidi. Kwenye vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu nyumba zimesongamana, anga ni utepe mwembamba, na mawimbi hugonga kuta kabla ya kukufikia. Utasimama tuli na mshale utarukaruka makumi ya mita. Huko mwenye simu ya bei ghali na mwenye simu ya bei nafuu wote wanahangaika. Ukibakisha mita 10, tia simu mfukoni. Soma maelezo ya aliyeficha, soma kidokezo chake, angalia ukubwa wa kopo aliloandika, kisha tumia macho: jiwe lililokaa kinyume na wenzake, bomba lisiloelekea popote, kifuniko kipya kwenye chuma chakavu.

Ndiyo maana faili la kodineti tupu ni hasara hata likiwa la bure. Muuzaji amekung'olea maelezo, vidokezo na kumbukumbu za waliotangulia, akakuachia namba. Namba zenyewe mara nyingi zimeharibika njiani. Mchezo huu huandika digrii, kisha dakika zenye desimali. Fort Jesus, kwa mfano, iko S 04° 03.77', E 39° 40.78'. Mtu anayenakili kwa pupa huandika 4.0377 na 39.4078, simu inazisoma kama digrii tupu, nawe unapelekwa kilomita 30 hivi magharibi, bara kabisa, upande wa Kinango. Akiisahau ile S, umevuka Moyale, uko Ethiopia. Na kama amezichota kwenye ramani za zamani za karatasi za Kenya, zile za mfumo wa zamani wa kupima mahali uitwao Arc 1960, ilhali simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS84, kila nukta imehama takriban mita 300. Ufuoni, hizo zinatosha kukutoa barabarani na kukutia majini.

Sasa, zipi nzuri? Fungua ukurasa wa jiokashi yenyewe, yaani wa kopo hilo, kwenye programu ya mchezo, uanze chini, kwa kumbukumbu za watafutaji. Wa mwisho kuipata aliipata lini? Ukiona watu wanne mfululizo wameandika kwamba hawakuiona, iache. Pwani hii chumvi na mvua za masika haziliachi kopo salama, na baadhi huachwa na wageni waliokwisha kurudi kwao, hakuna wa kuzitunza. Kwa watoto usichague kopo dogo kama kidole. Chagua la ukubwa wa kati, lenye nafasi ya vitu vya kubadilishana. Kisha tazama nyota: kuna za ugumu wa kutafuta na za ugumu wa njia, 1 hadi 5. Ipo pia aina isiyo na kopo kabisa, ya jiolojia, ambapo unajibu maswali kuhusu mwamba ulio mbele yako. Ukikutana na aina hiyo ukanda huu, ipe nafasi ya kwanza. Majabali ya Mama Ngina ni matumbawe yaliyokuwa hai chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, na mtoto anaweza kuweka kidole kwenye umbo la tumbawe lenyewe.

Nyota za njia hazikuambii saa ya maji. Hapa Mombasa, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3, na bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Mahali palipokuwa mchanga mkavu saa nne asubuhi panaweza kuwa maji ya kifua alasiri. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo saa ya jana usiitegemee leo. Angalia jedwali la maji, au muulize mvuvi yeyote ufuoni. Nenda maji yanapokupwa, si yanapoanza kujaa.

Na hapa nawasemesha wote, si wewe peke yako. Kuiamini sifuri kunaharibu mahali. Nimekuta watu wazima wakichokonoa chokaa ya ukuta wa kale kwa bisibisi kwa sababu mshale ulielekea pale. Nimekuta wengine wakipindua mawe ya matumbawe maji yakiwa yamekupwa, viumbe waliokuwa chini yake wakaachwa juani wafe. Kanuni za mchezo huu zinakataza kuchimba shimo ili kuficha kopo bila idhini ya mwenye ardhi, basi wewe unayechimba unatafuta kitu gani? Fort Jesus ni Urithi wa Dunia tangu 2011, na majengo ya kale yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006. Mbele ya Nyali na Bamburi iko hifadhi ya bahari iliyotangazwa 1986. Humo hata kombe tupu haliokotwi. Kwenye misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda huingii bila idhini ya wazee, hata mshale ukikuonyesha mita 2 ndani ya miti. Na kivuko cha Likoni, bandarini, au karibu na kituo chochote cha usalama, mtu anayepapasa chini ya vyuma atahojiwa, na itakuwa haki ya askari kumhoji.

Usipoipata, andika kwamba hukuipata. Kumbukumbu hiyo itamsaidia atakayekuja baada yako na itamwamsha mwenye kopo akalikague. Wapo wanaokosa kisha wakaacha kopo lao la plastiki pale pale ili waandike kwamba wamepata. Usifanye hivyo, na watoto wasikuone ukifanya hivyo. La kwanza mara nyingi bado lipo, mita 6 kutoka hapo, na sasa yapo mawili, na lile la pili halina mwenyewe wa kuja kuliondoa likipasuka na kusombwa na maji.