Kabla ya kuilaumu kweri, jua unasoma saa ya nani

Mwenye duka la jumla Ngamiani, Tanga, akilalamika kwamba ripoti ya mauzo inachukua sekunde 20, usikimbilie kuongeza indeksi (orodha inayoisaidia hifadhidata kupata mistari bila kusoma jedwali lote). Sekunde hizo ni za mtu aliyekaa mbele ya skrini. Ndani yake kuna muda wa hifadhidata kutafuta, muda wa mtandao kubeba majibu na muda wa programu kupanga ukurasa. Vitenganishe kwanza.

Kama seva imekodiwa Ulaya, anza na mtandao. Tanga hadi Frankfurt, Ujerumani, ni kama kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyaya za fiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 65, na nyaya za baharini hazipiti mstari ulionyooka. Programu inayovuta ankara 300 kwa kuuliza moja baada ya nyingine itapoteza karibu sekunde 20 njiani tu, hata kama kila kweri (swali linalotumwa kwa hifadhidata) inamalizwa kwa milisekunde 1 huko iliko seva. Indeksi haifupishi bahari. Unganisha majedwali kwa JOIN, uulize mara moja.

Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, `\timing on` ndani ya psql, programu yake ya kuandikia amri, hutoa muda anaouona mteja, mtandao ukiwamo. Endesha kweri hiyohiyo ukiwa Tanga, kisha ingia kwenye seva kwa ssh uirudie. Tofauti ya namba hizo mbili ni ya njia na kiasi cha data kinachosafirishwa. Muda wa seva peke yake, hatua kwa hatua, unapatikana hivi:

```
BEGIN;
EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)
UPDATE ankara SET hali = 'imelipwa' WHERE mteja_id = 42;
ROLLBACK;
```

BEGIN na ROLLBACK si mapambo. EXPLAIN peke yake hukisia. Ukiongeza ANALYZE, kweri inatekelezwa kweli, na DELETE itafuta kweli.

Wengi hukosea kusoma majibu. Ukiona `actual time=0.021..0.034 rows=3 loops=12000`, usifurahie hiyo 0.034. Ni wastani wa mzunguko mmoja, kwa milisekunde. Zidisha kwa 12,000 upate milisekunde 408, na hapo ndipo muda ulipoishia. (Chini ya Gather, hatua inayokusanya majibu ya michakato sambamba, hesabu hii hudanganya, maana michakato kadhaa hukimbia kwa pamoja.) Linganisha pia mistari iliyokisiwa na iliyopatikana. Ikikisiwa 5 zikaja 48,000, huenda takwimu za jedwali zimechakaa: endesha `ANALYZE ankara;` halafu pima upya.

Mstari wa Buffers ndio unaoeleza kwa nini mara ya kwanza ilikuwa nzito na ya pili nyepesi. `hit` ni kurasa zilizokutwa kwenye kumbukumbu ya PostgreSQL, `read` ni zilizoagizwa kutoka nje yake. Ukurasa mmoja ni kilobaiti 8, kwa hiyo `read=25600` ni megabaiti 200. Kuzima na kuwasha PostgreSQL hakukupi kache (kumbukumbu ya muda ya data iliyosomwa) tupu, kwa sababu mfumo endeshi nao una kache yake. Andika namba ya kwanza kando, rudia angalau mara tano, kisha chukua ya katikati. Wastani huharibiwa na mruko mmoja tu.

Kupima kwenyewe kuna gharama. Kweri yenye mizunguko mingi huweza kuonekana nzito chini ya EXPLAIN ANALYZE kwa sababu saa inasomwa kila mstari unapopita. Ukishuku hivyo, weka `TIMING OFF` uangalie jumla peke yake. Na usipime kwenye nakala yenye ankara 200 za majaribio. Jedwali dogo kiasi hicho husomwa lote, na indeksi yako haitaguswa.

Kwa mfumo unaotumika kila siku, weka pg_stat_statements, kiendelezi kinachojumlisha muda wa kila kweri, kwenye mpangilio wa shared_preload_libraries, washa upya PostgreSQL, kisha `CREATE EXTENSION pg_stat_statements;`. Panga kwa total_exec_time (jumla ya muda), si mean_exec_time (wastani). Kweri ya milisekunde 4 inayoitwa mara 200,000 inakula sekunde 800. Ripoti ya sekunde 9 inayotolewa jioni mara moja haifui dafu.

Walio kwenye MySQL wana EXPLAIN ANALYZE tangu toleo la 8.0.18. Logi yake ya kweri nzito ikiwashwa bila kuguswa, long_query_time ni sekunde 10, na kaunta ya duka haisubiri sekunde 10. Ishushe hadi 0.5.