Sarafu Ni Kioo: Kupata Rangi ya Kweli Kwenye Picha

Picha ya sarafu ni picha ya kile ambacho uso wake umeakisi: taa, dari, lenzi, hata shati la mpigaji. Vaa shati jekundu uinamie sarafu ya fedha, na wekundu utauona kwenye picha. Kwa hiyo rangi hutengenezwa mezani kabla ya kubonyeza kitufe. Programu ya kuhariri huokoa kidogo tu.

Anza kwa kuzima taa zote za chumbani na kufunga pazia. Balbu ya njano ina kama kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga: ndogo ni njano, kubwa ni bluu), na mwanga wa mchana dirishani hufika 5,500 au zaidi. Kamera haiwezi kusahihisha yote miwili kwa pamoja: ukiponya upande mmoja wa sarafu, wa pili unageuka bluu au chungwa. Tumia taa mbili za LED za aina moja, za kelvini 5,000 hivi, zenye CRI (alama ya hadi 100 ya jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi) ya 95 kwenda juu. CRI ya kawaida ni wastani wa rangi nane zilizofifia, na nyekundu iliyokolea haimo. Ndiyo maana taa yenye CRI ya 80 inaweza kuonekana safi kabisa ukutani, lakini sarafu ya shaba ikaonekana kama imepakwa tope. Kama kifungashio kinataja R9, itazame. Hiyo ndiyo nyekundu yenyewe.

Chukulia sarafu kama uso wa saa, kisha weka taa kwenye namba 10 na namba 2, juu, karibu na lenzi kadiri nafasi inavyoruhusu. Ukizishusha, kila mkwaruzo hutoa kivuli na sarafu nzuri huonekana imechakaa. Karatasi nyembamba ya kufuatishia michoro mbele ya taa hupunguza madoa meupe, lakini usizidishe. Sarafu mpya ina mng'aro unaozunguka kama spoku za gurudumu ukiigeuza mkononi. Mwanga ukitawanywa mno, mng'aro huo hufa na metali hufanana na plastiki ya kijivu.

Fedha iliyobadilika rangi ina mtihani wake. Zile bluu, zambarau na dhahabu hutokana na utando mwembamba sana wa salfaidi, na huonekana tu pale mwanga unaporuka kutoka kwenye sarafu na kuingia moja kwa moja kwenye lenzi. Taa ya pembeni itakupa sarafu nyeusi. Simamisha kipande cha kioo safi chembamba kwa nyuzi 45 kati ya lenzi na sarafu, kisha mulika kioo kutoka ubavuni. Mwanga utashuka wima juu ya sarafu na kurudi juu kupitia kioo. Weka kadi nyeusi upande wa pili wa kioo, na nyingine ya kuizuia taa isiimulike sarafu moja kwa moja.

Usiiachie kamera ijichagulie mizani ya weupe, yaani mpangilio unaoiambia nyeupe ni ipi chini ya taa hizo. Shaba ikijaza fremu, kamera hudhani taa ndiyo ya chungwa, inaongeza bluu, na shaba inapauka. Weka kadi ya kijivu pale pale ilipokuwa sarafu, chini ya taa zile zile, uipime. Karatasi ya printa haifai: ina kemikali za kuing'arisha zinazotoa bluu, hasa kwenye mwanga wa jua, na ukiipima hiyo sarafu itatoka ya njano. Hata kitambaa cha chini kiwe cha kijivu, kwa sababu chekundu hutupa rangi yake kwenye ukingo.

Kwa mipangilio, ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi) na kipima muda cha sekunde 2 vinatosha kuanzia. Ukilifunga tundu hadi f/16 ukali hupungua. Dhahabu ndiyo inayodanganya wengi. Nyekundu yake huungua (hupita kiasi ambacho kamera inaweza kurekodi) kabla ya rangi nyingine, na hapo dhahabu hugeuka njano ya limau, bapa, isiyorekebishika. Tazama histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) ya kila rangi peke yake. Nyekundu ikigota ukuta wa kulia, punguza mwanga theluthi moja au mbili za stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu).

Kwa simu, tumia lenzi ya 2x au 3x na ujivute nyuma. Ukisogea karibu, kivuli cha simu kinaifunika sarafu, na simu nyingi hubadilisha lenzi bila kukuambia. Funga fokasi na mwanga, zima vichujio.

Wakati wa kuhariri, zima rangi ya usiku kwenye skrini (ile inayoifanya kuwa ya njano), shika sarafu chini ya taa ile ile uliyopigia, ulinganishe. Kitelezi cha kukoleza rangi kiache sifuri. Mnunuzi atakayeipokea sarafu haioni kupitia kitelezi. Hifadhi kwa sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini na mtandao), vinginevyo rangi uliyoihangaikia itafifia kwenye baadhi ya skrini za watu.