Kabla hujauliza injini, uliza koki ya mafuta

Wewe unayeanza kuunda ndege ndogo nyumbani, najua unawaza injini. Sote tulianza hivyo. Ila leo kaa kitini, funga mikanda ya mabega ukaze, kisha nyoosha mkono uguse koki ya mafuta, ile ya kufungua, kufunga au kubadili tangi. Ukilazimika kujipinda, ihamishe.

Tarehe 12 Oktoba 1997, mwanamuziki John Denver alianguka na Long-EZ yake, ndege ndogo ya kuundwa nyumbani, kwenye Ghuba ya Monterey, California. Mchoro wa ndege ile uliweka koki katikati ya miguu ya rubani. Aliyeiunda akaipeleka nyuma ya bega la kushoto. Wachunguzi walipojaribu kuifikia, waligundua kwamba ukigeuka hivyo mguu wa kulia hukanyaga wenyewe pedali ya usukani wa mkia, na ndege hupinda. Vipimo vya mafuta navyo vilikuwa nyuma ya kiti, na Denver alikuwa amekataa kuongezewa mafuta kabla ya kuruka.

Halafu pima mtiririko. Inua pua mpaka pembe ya kupanda, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, kinga mafuta kwa ndoo ya bati (ya plastiki hapana, inazalisha cheche) iliyounganishwa na ndege kwa waya, na uangalie saa. Mfumo wa mteremko, ambao mafuta hushuka yenyewe bila pampu, utoe asilimia 150 ya mafuta ambayo injini hunywa wakati wa kuruka. Wenye pampu, 125. Injini yangu hunywa lita 24 kwa saa, kwa hiyo nilitaka 36. Nikapata 21! Nilifungua chujio mara tatu asubuhi ile, kumbe nyigu alijenga kijumba cha udongo ndani ya tundu la hewa la tangi. Hewa isipoingia, mafuta hayatoki. Siku hizi nikiegesha nalifunika kwa kitambaa chekundu, kirefu, nisije nikaruka nacho.

Maji yanayotuama chini ya tangi utayatoa kila asubuhi kwenye kidreni, kikoki kidogo cha chini, ukiyakinga kwa kikombe. Hapo wageni hudanganyika: kikombe kikijaa maji matupu, hakuna mstari wa kuyatenganisha na petroli, nawe utaona kitu safi kabisa. Avgas 100LL, petroli ya ndege, ni ya buluu, basi tafuta rangi. Unatumia petroli ya magari? Nusa.

Na kijiti cha kupimia mafuta tangini usikichore kwa kukisia. Mimina lita tano tano, ndege ikiwa imesimama vilevile utakavyoipima kila siku, ukichora alama kila mara.